Sauti Iliyopewa Uso: juu ya filimu « The Big Broadcast » (1932) na wale wanaoikusanya

Ndugu wasomaji, mtatuuliza: kitabu kidogo cha mila na desturi, namna gani kinaongea juu ya filimu ya Wamarekani ya mwaka wa 1932? Swali ni la haki. Wenzetu wa kamati walituuliza vile vile, na mmoja alisema waziwazi: « Mwalimu, hiyo si mila yetu. » Tulimjibu kwamba redio imekwisha kuwa mila. Nani kati yetu hakukua na posti ya redio juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na baba peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kugusa vifungo vyake? Kitu ambacho watu wanakirithi, wanakipangusa vumbi na kukisimulia kwa watoto, hicho ni mila, hata kama kilitoka kiwandani.

Hiyo filimu tuliipata kwa rafiki yetu anayeishi Ubelgiji, mkusanyaji wa diski na filimu za zamani. Alitutumia kopi moja pamoja na barua ndefu ya kuisifu. Tuliitazama mara mbili: mara ya kwanza peke yetu, mara ya pili siku ya posho pamoja na wanafunzi wetu wa darasa la sita, na groupe ikinguruma nje ya dirisha. Tunayoandika hapa yametoka katika mara hizo mbili.

1. Filimu yenyewe

« The Big Broadcast » ilitolewa na kampuni ya Paramount mwezi wa kumi 1932. Aliyeiongoza ni Frank Tuttle. Haifiki saa moja na nusu. Asili yake ni mchezo wa teatri wa William Ford Manley ulioitwa « Wild Waves ».

Hadithi ni nyepesi. Kuna kituo cha redio ambacho msimamizi wake ni George Burns, na karani wa kupokea wageni ni Gracie Allen, yule mwanamke ambaye kila jibu lake linamzungusha mwulizaji mpaka anasahau swali. Kuna mwimbaji, Bing Crosby, ambaye wanawake wanampenda sana lakini hafiki kazini kwa saa. Mwenye kulipia kipindi anachoka, kituo kinaanza kufa. Mwimbaji anaachwa na mchumba wake, anakwenda kunywa, na huko anakutana na tajiri wa petroli kutoka Texas, Leslie, aliyechezwa na Stuart Erwin. Huyo naye moyo wake umevunjika. Wanakuwa marafiki, na tajiri ananunua kituo chote ili kukiokoa. Halafu inapangwa programu moja kubwa ya waimbaji wote maarufu, ambayo imeipa filimu jina lake. Lakini saa inafika na Bing haonekani. Mwishoni kila mtu anapata mtu wake, kwa haraka sana, kama vile mwandishi alikuwa anakimbilia treni.

Katikati ya hayo yote wanapita waimbaji wenyewe wa redio: Kate Smith, ndugu wanne Mills Brothers, dada watatu Boswell Sisters, Cab Calloway na orkestra yake, Vincent Lopez na yake, Donald Novis, na Arthur Tracy aliyeitwa « mwimbaji wa njiani ».

Ili kuelewa kwa nini ilitengenezwa, inafaa kukumbuka wakati wake. Redio ya biashara ilikuwa changa: kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilianza mwezi wa kumi na moja 1920, NBC ilizaliwa 1926, CBS 1927. Katika hesabu ya wakaaji wa Marekani ya mwaka wa 1930, jamaa karibu 40 kwa 100 zilikuwa na posti nyumbani. Mamilioni ya watu walijua sauti za hao waimbaji, lakini sura zao waliziona tu katika magazeti, tena si zote. Paramount ilijua jambo hilo vizuri. Tokea 1929 mpaka 1932 ilikuwa na karibu nusu ya hisa za CBS. Basi ikaziuza nyuso za watu ambao sauti zao zilikuwa zinatolewa bure kila jioni.

2. Yaliyo mazuri

Tuanze na masifu, kwa sababu yapo.

La kwanza ni muziki. Mills Brothers walikuwa vijana weusi wa mji mdogo wa Piqua, katika jimbo la Ohio. Walikuwa na gitaa moja tu; tarumbeta, trombone na besi zote walizitoa kwa kinywa na mikono. Wanafunzi wetu walikataa kuamini. Mmoja alisimama akaja karibu na ekrani kutafuta orkestra ilipofichwa. Kumbe hayo ndiyo yaliyowapata wasikilizaji wa 1931 na 1932: redioni hakuna anayeweza kusadiki kwamba hakuna tarumbeta. Hapo tunaelewa faida ya sinema kuliko redio. Jicho linashuhudia kile ambacho sikio lilikuwa na mashaka nacho.

La pili ni Eddie Lang, mpiga gitaa anayemsindikiza Bing Crosby katika wimbo « Please », uliotungwa na Ralph Rainger na Leo Robin. Hachukui nafasi. Anakaa, anapiga, na sauti ya Crosby inaegemea juu ya nyuzi zake kama mtu anayeegemea ukuta wa nyumba yake. Mwezi wa tatu 1933, miezi mitano tu nyuma ya filimu kutoka, Lang alikufa baada ya operesheni ya koo. Alikuwa na miaka 30. Mtu yeyote anayejifunza gitaa ya jazi anajua jina lake. Wachache sana waliona vidole vyake. Filimu hii inavionyesha.

La tatu linatushangaza zaidi, maana hatukulikuta katika barua ya rafiki yetu. Ni mahali ambapo Leslie, saa imefika na mwimbaji hayupo, anakimbia usiku mjini kutafuta diski ya wimbo « Please » ili angalau ipigwe mbele ya mikrofoni. Karibu hakuna maneno. Ni mwili wa Stuart Erwin tu, na milango, na saa ya ukutani. Kila anapoikaribia diski, inaponyoka au inaharibika. Mwisho anarudi mikono mitupu, anasimama mwenyewe mbele ya mikrofoni na kujaribu kuimba kama Bing, na ni aibu ya kuchekesha sana, mpaka mwenye sauti anatokea na kuupokea wimbo. Wanafunzi walianguka kwa kicheko. Filimu yenye waimbaji wakubwa kama hao, na sehemu yake iliyo hai kuliko zote ni ya mtu asiyejua kuimba!

3. Yanayotuudhi

Kumpenda mtu si kufunga macho. Kuna mambo matatu ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

Kwanza, wanawake. Gracie Allen peke yake amepewa akili, nayo ni akili ya kuigiza ujinga. Wale wengine wawili wa hadithi ni vitu vya kusukuma mambo mbele: mmoja wa kumwacha mwanamume, mwingine wa kumngoja. Kate Smith, ambaye sauti yake ilijaza nyumba za Marekani, anasimamishwa, anaimba, anaondolewa.

Pili, ile mahali ya kujiua. Bing na Leslie, wamelewa, wanafungua gesi ndani ya nyumba, na uso wa Arthur Tracy unaonekana ukiimba juu ya kaburi la mapenzi, mpaka unageuka fuvu. Katika mwaka ule Wamarekani wengi walikuwa wamepoteza kazi na mali, na habari za watu waliojiua zilikuwa nyingi. Wengine wanasema huo ni ushujaa wa sinema ya mbele ya sheria kali za 1934. Sisi tunaona ufundi wa picha ni mkubwa, lakini kicheko chake ni cha baridi. Darasani hakuna aliyecheka. Msichana mmoja aliuliza: « Ni kweli wanataka kufa ao wanacheza? » Filimu haikuwa na jibu.

Tatu, watu weusi. Mills Brothers na Cab Calloway wanaingia, wanang'aa, wanatoka. Hawasemezwi na mtu wa hadithi kama mwenzake. Desturi ya Hollywood ya wakati ule ilikuwa kuwaweka wasanii weusi katika vipande vinavyoweza kukatwa bila kuumiza hadithi, ili sinema za majimbo ya kusini ziweze kuvitoa. Calloway alitoka Cotton Club ya Harlem, mahali ambapo weusi walipiga muziki na weupe ndio waliokaa mezani. Wimbo aliopewa ni wa wavutaji wa afyuni, na anauchezea mikono na pua kwa namna isiyofichika. Nguvu yake ni ya ajabu. Lakini tunajiuliza: kwa nini mweupe aliimbishwa mapenzi, na mweusi madawa?

Na tuseme yote: hadithi ya filimu hii ni kama uzi wa kufungia kuni. Ukiuvuta, kuni zinabaki kuni.

4. Kwa nini inakusanywa

Sasa, kwa nini rafiki yetu na wenzake wanaitafuta hivyo? Sababu ziko, na si za wazimu.

Ya kwanza ni uchache. Redio ya 1932 ilikuwa ya moja kwa moja. Vituo vikubwa vya mtandao havikutaka kupiga mambo yaliyorekodiwa. Heshima yao ilikuwa kwamba mwimbaji yupo pale, saa ile ile. Kwa hiyo vipindi vingi sana vya miaka ile vilipotea hewani. Hakuna bande, kwa sababu bande yenyewe haikuwa imefika Marekani. Anayetaka kujua waimbaji wa redio wa 1932 walisimama namna gani mbele ya mikrofoni, hana pahali pengi pa kutazama.

Ya pili, diski nazo zilikuwa chache. Mwaka wa 1927 Marekani iliuza diski milioni 100 na zaidi. Mwaka wa 1932 zikashuka karibu milioni 6. Umaskini uliwapiga watu, na redio ilikuwa inatoa muziki bila franka. Ndiyo maana diski ya miaka ile, ile nyeusi nzito inayovunjika kama sahani, ni ngumu kupata ikiwa nzima. Crosby alirekodi « Please » kwa Brunswick mwezi wa tisa 1932. Mtu mwenye kopi safi ya wakati ule ana kitu ambacho tokea mwanzo hakikutengenezwa kwa wingi. Na yule Leslie anayekimbia usiku akiitafuta, kumbe hakuwa anachekesha tu. Alikuwa anasema ukweli wa soko.

Ya tatu, njia ya filimu yenyewe ilikuwa ya kupindapinda. Paramount iliingia katika shida kubwa ya madeni 1933. Mwaka wa 1958 mamia ya filimu zake za sauti za mbele ya 1950 yaliuzwa kwa kampuni ya MCA, ambayo ilizipeleka televisheni kwa kopi nyembamba za milimita 16. Kopi za namna hiyo ndizo zilizoanguka mikononi mwa wakusanyaji. Wengine wanakusanya afishi, wengine karatasi za noti zenye picha ya Crosby, wengine kipande kimoja tu: dada Boswell waliotoka New Orleans na kuachana kama kikundi 1936, au Mills Brothers wakiwa bado wanne wa kwanza, mbele John, mpiga gitaa wao, hajafa 1936.

Hapa ndipo tunapogombana kidogo na rafiki yetu, kwa upendo. Barua yake yote ilihesabu vipande: dakika ya huyu, wimbo wa yule. Alituambia hata turuke hadithi twende moja kwa moja kwenye nyimbo. Tunasema hapana. Mkusanyaji anayekata filimu vipande anafanya sawa na yule mwenye sinema wa kusini aliyewakata weusi: anachukua anachotaka, anatupa kingine. Na anachokitupa hapa ndicho kinachomhusu yeye mwenyewe, yaani mbio ya Leslie. Filimu nzima inauliza swali moja la maana: mwenye sauti asipofika, sauti yake tumeiweka wapi?

Na jibu lililetwa na Bing Crosby mwenyewe. Mwezi wa kumi 1946 alianza kipindi kilichorekodiwa mbele kwenye diski, na tokea 1947 kwenye bande ya sumaku, kwa mashine ambazo asili yake ilikuwa Ujerumani na ambazo Jack Mullin alizileta Marekani nyuma ya vita. Alitia pesa yake, dola 50 000, katika kampuni ya Ampex iliyotengeneza mashine za namna hiyo. Yule aliyechekwa katika filimu kwa kuchelewa ndiye aliyewafundisha wengine kwamba mwimbaji anaweza asiwepo na programu ikaenda. Hapo komedi ya 1932 inageuka kama unabii, bila waliotengeneza kujua.

5. Na sisi?

Hatukuandika haya ili kujivunia mambo ya wengine. Katika Katanga yetu sauti nazo zilitangulia nyuso. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, leo Likasi. Gitaa yake ilisikika mbali sana, mahali ambapo hakuna aliyejua kama ni mrefu au mfupi. Masengo Edouard na wenzake wa JECOKE wa Elisabethville walikuwa waimbaji na wachekeshaji pamoja, kama watu wa hii filimu. Na Troupe Mufwankolo, nani Lubumbashi hajui sauti ile? Watu walicheka naye redioni, halafu televisheni ikawapa uso.

Lakini tujiulize: vipo wapi? Rekodi za Tracey zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika nyumba ya muziki aliyoianzisha 1954. Mchezo wa Troupe Mufwankolo wa 1986, « Le pouvoir se mange entier », tunaweza kuusoma neno kwa neno, kwa Kiswahili chetu hiki cha hapa, kwa sababu Johannes Fabian aliukusanya na kuutia katika kitabu chake cha 1990. Tunawashukuru. Tena tokea 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa kazi yake ya « Mémoires de Lubumbashi », kimeanza kukusanya ukumbusho wa mji. Hata hivyo, mambo mengi ya kila juma, yale ambayo wazazi wetu walizimia moto wa mboga ili wayasikilize, hayakuandikwa na mtu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kwenye kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, kuomba kopi ya kipindi cha mashairi na vichekesho ambacho darasa letu la zamani lilishiriki. Fundi alitupokea vizuri. Alituonyesha rafu, tukaona maboksi yenye majina, na tarehe, na moyo wetu ukafurahi. Halafu akasema: « Mwalimu, majina tu ndiyo ilibakia. Zile mabande tulisha zifuta zamani. Kulikuwa hapana zingine. » Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bande kumi na kazi ya bande mia. Tulitoka nje tukiwa kama Leslie, mikono mitupu, na sisi hatukuwa na Bing wa kutokea mlangoni. Wawili katika wale watoto wamekwisha kufa.

Ndiyo maana hatuwacheki wakusanyaji, hata wakigombania karatasi ya zamani. Tunawaomba tu wakusanye kitu kizima pamoja na ubaya wake. Na ninyi, ndugu wasomaji, mlio na kaseti chini ya kitanda, diski iliyopasuka, hata posti isiyosema tena: msitupe. Mwandike juu yake jina la aliyesema, pahali na mwaka. Chama chetu kina kabati moja, tena lina funguo. Mwaka huu tulilifungua, na ndani yake kulikuwa kaseti nne. Tungependa mwaka kesho zifike arobaini.